Mtoto Anajifunza Gitaa, na Mwalimu Wake Yuko Mbali



Siku hizi si ajabu kukuta gitaa limetundikwa ukutani katika nyumba ya kijijini, nalo halipigwi. Ukiuliza utaambiwa, "Baba yake alilileta alipokuja likizo. Mtoto alilipiga majuma mawili, kisha akaliacha." Baba amekwisha kurudi kazini, labda Geita, labda Dar es Salaam, labda Mombasa. Yeye ndiye ajuaye kupiga, na nyumbani hakuna mwingine ajuaye hata jina la uzi mmoja. Basi juma hili nataka tuongee jinsi mtu aliye mbali awezavyo kumsaidia mtoto anayeanza kujifunza gitaa. Nawaandikia akina baba, lakini zaidi nawaandikia akina mama na akina bibi waliobaki na mtoto. Sababu yake mtaiona.

Kujifunza gitaa kwa mbali si jambo la jana. Mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kunasa nyimbo za watu, alifika Jadotville katika nchi ya Kongo, mji uitwao leo Likasi. Hapo alikutana na kijana Jean Bosco Mwenda, akanasa wimbo wake uitwao "Masanga". Bosco alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume, gumba na kidole cha shahada, hata asikiaye hudhani wapigaji ni wawili. Santuri zake zilifika Kenya, na wapigaji wengi wa huko wakavutwa na mtindo ule ingawa mwenyewe hawakukaa naye. Maana mwenye santuri aweza kurudisha sindano mahali pale pale hata mara ishirini. Santuri haichoki, wala haigombi.

Neno hilo "haigombi" nimeliweka kwa kusudi.

Namjua baba mmoja afanyaye kazi mgodini, mbali na kijiji chake. Alimnunulia mwanawe wa miaka tisa gitaa zuri, akamfundisha siku kumi za likizo, akaondoka. Kila Jumapili jioni alipiga simu. Mtoto akiisha kusema "Shikamoo baba," naye akiisha kuitikia marahaba, husema, "Haya, piga nisikie." Mtoto hupiga. Huko mgodini baba husikia kitu kinachokatika-katika, sauti mara ipo, mara haipo, nyuzi nene hazisikiki kabisa. "Hujafanya mazoezi wewe! Fedha yangu nimeitupa bure!" Ilikuwa hivyo Jumapili tatu. Jumapili ya nne, saa ya simu ilipofika, mtoto alikuwa amejificha migombani. Mama yake alinieleza hayo alipokuja ofisini kutafuta cheti cha ubatizo cha mdogo wake mtoto huyo. Akasema kwamba yeye humsikia mwanawe akipiga kila jioni akiwa anasonga ugali, na hakuna kinachokatika.

Mama alisema kweli. Kilichokuwa kikikatika ni simu.

Fahamuni, wasomaji, kwamba simu iliundwa kwa ajili ya maneno, si kwa ajili ya muziki. Tangu zamani simu ya kawaida hubeba sauti zenye mitetemo kuanzia 300 hivi kwa sekunde hadi 3,400, maana hizo zatosha kumwelewa mtu asemaye. Uzi mwembamba wa gitaa hutetemeka mara 330 kwa sekunde, basi huo hupita. Lakini uzi mnene kuliko yote hutetemeka mara 82 tu. Sauti yake ya chini haipiti. Afikaye upande wa pili ni kivuli chake. Mitandao mipya hubeba zaidi kidogo, lakini si kila kijiji kimefikiwa nayo. Tena simu nyingi za sasa zina ufundi wa kuondoa kelele, kama upepo na ngurumo za magari, ili maneno yasikike. Uzi ukipigwa ukaachwa ulie, simu hudhani ni kelele, huukata. Na tatu, sauti huchelewa njiani. Ni sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini katika muziki sehemu hiyo ni kubwa. Baba akihesabu moja, mbili, tatu, nne, na mtoto akapiga sawasawa na hesabu, baba atamsikia amechelewa, kumbe hakuchelewa hata kidogo. Ndiyo maana baba na mtoto hawawezi kupiga pamoja kwa simu, hata wangekuwa mabingwa.

Basi, baba uliye mbali, usimhukumu mtoto kwa sauti iliyopita katika simu. Simu itumie kwa kuongea: muulize amepiga nini, vidole vinauma wapi, uzi gani umelegea. Muziki wenyewe upitishe kwa njia nyingine. Njia iliyo nyepesi ni kunasa sauti kwanza, kisha kuituma. Wenye simu kubwa hutuma kwa WhatsApp, nayo hufika nzima kuliko ile ya kupiga moja kwa moja. Na wale ambao nyumbani wana kitochi tu? Hao wasikate tamaa. Baba na anase mafunzo katika ile kadi ndogo ya kuhifadhia sauti, watu waiitayo memori, aifunge katika bahasha, ampe kondakta wa basi au mtu wa kwao anayerudi. Redio ndogo nyingi zinazouzwa magulioni zina tundu la kadi hiyo. Mtoto atasikiliza asubuhi na jioni bila kununua vocha. Hapo amepata santuri yake.

Utakaponasa, nasa jambo moja tu, fupi, nusu dakika. Lipige mara tatu polepole mno kuliko upendavyo. Mpigaji hodari hupenda kuonyesha uhodari, na mtoto hujifunza kwa hilo jambo moja tu: kwamba baba ni hodari.

Ukimtumia picha inayotembea, usikae mbele ya simu kama msoma habari. Mtoto akikutazama uso kwa uso, mkono wako wa kushoto atauona upande wa kuume kwake, na shingo ya gitaa itaelekea kinyume na ya kwake. Mpe mtu simu asimame nyuma ya bega lako, aipige mikono yako kutoka juu. Hapo mtoto ataona vidole vyako kama aonavyo vyake mwenyewe.

Sasa habari ya maneno, ambayo nimeona imewagombanisha wengi. Usiseme kamwe "uzi wa juu" au "sogeza chini". Kwa mpigaji, sauti ya juu ni ya uzi mwembamba, lakini uzi huo mtoto huuona chini, karibu na magoti yake. Na "chini ya shingo" ni upande wa kichwa au upande wa tumbo? Watu walio pamoja huonyeshana kwa kidole. Walio mbali hukosana. Mimi napendekeza nyuzi zipewe majina ya jamaa. Ule mnene kuliko wote ni Babu, anayefuata Bibi, kisha Baba, Mama, Kaka, na mwembamba kuliko wote ni Mtoto. Na vile vyuma vidogo vinavyokatiza shingo vihesabiwe kuanzia upande wa kichwa: chuma cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hapo baba aweza kusema, "Mbonyeze Kaka, chuma cha kwanza," na hata bibi kizee aliyeketi kando ataelewa, tena atacheka.

Narudi kwenu akina mama. Mwalimu akiwa mbali, lazima awe na macho na masikio nyumbani, na hayo ni ninyi. Hamhitaji kujua kupiga. Mtoto akimbonyeza Kaka kisha akampiga, yafaa msikie sauti safi. Ikiwa ni sauti ya kuziba, kama kugonga kibao, basi kidole hakikubonyeza vya kutosha, au kiko mbali na chuma. Kidole kikae karibu kabisa na chuma, upande wa kichwa cha gitaa, lakini si juu ya chuma chenyewe. Angalieni kucha za mkono wa kushoto, zikatwe fupi. Mwambieni apige uzi mmoja mmoja, nanyi sikilizeni kila mmoja kama mnavyochambua mchele: huu mzuri, huu mzuri, huu una jiwe. Baba akipiga simu, mama ndiye amwambie, "Kaka analia vizuri, Mtoto bado anaziba." Habari hiyo yamfaa mwalimu kuliko kumsikiliza mtoto katika simu kwa nusu saa.

Yule mama wa migombani tulimweleza hayo, naye akamweleza mume wake. Nasikia sasa Jumapili mtoto ndiye anayekimbilia simu kwanza.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote kwa mbali ni kulinganisha nyuzi. Mtoto akipiga vizuri juu ya nyuzi zisizolingana, kila kitu husikika vibaya, naye hudhani kosa ni lake. Watoto wengi huacha gitaa kwa ajili hiyo, wala si kwa uvivu. Nyuzi mpya, hasa za nailoni, hunyooka na kulegea siku kadhaa kabla ya kutulia. Basi hata ukizilinganisha asubuhi, jioni zimekwisha kuteleza. Si kosa la mtoto.

Mama mwimbaji wa kwaya ana elimu hii nusu tayari. Ukichukua do ya kinanda, ile iitwayo C, nyuzi za gitaa kuanzia mnene hadi mwembamba ni mi, la, re, so, ti, mi. Parokia au kigango chenye kinanda, mpeleke mtoto Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, mwombe mpiga kinanda amgongee sauti hizo sita. Yule Mtoto, uzi mwembamba, ni mi iliyo jirani kabisa na do ya katikati ya kinanda. Kama kinanda hakuna, baba na anase nyuzi zake sita, kila mmoja peke yake, akitaja jina lake, akiuacha ulie mpaka uishe. Kadi hiyo itunzwe kama cheti. Wenye simu kubwa wanaweza kupata bure programu ya kulinganisha gitaa. Ukiisha kuiweka, nyingi hufanya kazi hata bila bando.

Na iko njia ya kale isiyohitaji kitu ila masikio. Babu akiisha kuwa sawa, mbonyeze chuma cha tano, umpige: sauti hiyo ndiyo ya Bibi akiwa wazi. Bibi chuma cha tano ni Baba. Baba chuma cha tano ni Mama. Hapo tahadhari: Mama abonyezwe chuma cha nne, si cha tano, ndipo apatikane Kaka. Kisha Kaka chuma cha tano ni Mtoto. Unapokaza, anzia chini ya sauti unayoitaka, upande polepole, huku uso umeugeuzia kando. Wengi hupita sauti yenyewe bila kujua, wakaendelea kukaza wakiitafuta huko juu, mpaka uzi ukawachapa. Mtoto wa miaka minane au tisa asiachiwe kazi hiyo peke yake mwanzoni.

Katika somo lenyewe, mwalimu aliye mbali asianze na nyuzi zote sita. Vidole vya mtoto ni vifupi, na sauti tatu zikipigwa pamoja, zile wapigaji waziitazo kodi (si ile ya serikali, hii haina stakabadhi), kwa kawaida hudai vidole vitatu au vinne kwa mara moja. Anza na nyuzi tatu nyembamba tu: Mama, Kaka na Mtoto. Mbonyeze Kaka chuma cha kwanza kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, piga zote tatu. Hiyo ni so, do, mi, kodi kamili. Sasa mwache Kaka, hamisha kidole kile kile kwa Mtoto, chuma cha kwanza, piga zote tatu: so, ti, fa. Sikio litataka kurudi nyumbani kwa ile ya kwanza. Mara nne hii, mara nne ile, polepole, bila kusimama wakati wa kuhama. Nyimbo nyingi za watoto huenda kwa kodi hizo mbili. Siku ambapo mtoto anapiga hizo mbili na wadogo zake wanaimba, huyo hataacha tena kwa urahisi. Naona siku hiyo yafaa ifike kabla ya mwezi kwisha, kuliko kumfundisha mambo mengi ambayo hakuna mtu nyumbani awezaye kuyaimba.

Haya yote baba ayachore pia katika barua. Barua ni mwalimu mzuri sana, watu wameisahau. Achore mistari sita ya kusimama, Babu kushoto, Mtoto kuume, akatize mistari ya vyuma, na mahali pa kidole atie doa jeusi. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani karibu na gitaa. Wala haihitaji chaji.

Dakika kumi kila siku zatosha mwanzoni. Dakika kumi za kila siku zapita saa nzima ya Jumapili, maana ncha za vidole zitauma, na ngozi yake huchukua majuma mawili hadi manne kukomaa. Zikiuma sana, apumzike, aendelee kesho. Asiloweke vidole majini kabla ya kupiga. Akiwa ametoka kuosha vyombo, angoje vikauke.

Nimeulizwa pia habari ya kununua. Gitaa la mtu mzima humshinda mtoto mdogo, mkono haufiki. Madukani mjini yapo ya nusu na ya robo tatu, ulizeni. Kwa anayeanza, nyuzi za nailoni zauma kidogo kuliko za chuma. Lakini sikilizeni sana hapa: gitaa lililoundwa kwa nailoni lisitiwe nyuzi za chuma, hata muuza duka akisema zinatosha. Nyuzi sita za nailoni huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Za chuma, hata zilizo nyepesi, huvuta kilo 70 hivi. Kibao kilichogundishwa tumboni, pale nyuzi zifungwapo, kitang'oka. Utatambua nailoni kwa zile tatu nyembamba, zafanana na mshipi wa kuvulia samaki. Usidanganywe na zile tatu nene, maana hata za nailoni huzungushiwa waya mwembamba. Basi uzi ukikatika, mtumie baba kipande chake katika bahasha, wala usimweleze kwa maneno tu. Na gitaa lisitundikwe juu ya mafiga wala kuanikwa juani, gundi huachia.

Wapo wazee wasemao gitaa ni chombo cha vilabuni, na babu akisema hivyo nyumbani ambapo baba hayupo, gitaa huwa limekwisha. Mwambieni kwa heshima kwamba wimbo wa Noeli aupendao, "Usiku Mtakatifu", uliimbwa kwa mara ya kwanza mkesha wa Noeli mwaka 1818 katika kanisa la Oberndorf, nchi ya Austria. Maneno yalikuwa ya Padre Joseph Mohr, sauti za mwalimu Franz Xaver Gruber, na chombo kilichowafuatisha kilikuwa gitaa, nalo lilipigwa na padre mwenyewe. Mzee mmoja wa hapa kwetu alinisikiliza, akanyamaza, kisha akauliza kama lile gitaa lilikuwa na nyuzi sita pia.

Likizo ikifika, baba, ukiisha kusalimiwa na kunywa maji, mtoto ataleta gitaa. Usilichukue mikononi mwake ili umwonyeshe. Kaa upande wake, si mbele yake, utazame kifundo cha mkono wa kushoto kama kimepindika mno, na gumba kama limekaa nyuma ya shingo au limeingia juu kuzizuia nyuzi. Hayo ndiyo ambayo barua na kadi hazikukuonyesha, wala mama asingeyatambua. Yasahihishe kesho yake. Siku ya kwanza mwache apige mpaka wimbo uishe.